Somo la Ushahidi na Mgongo wa Mama Mkwe

Kule hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wagonjwa walimwita Mama Mgongo, wauguzi wenzake nao hivyo hivyo, na hata daktari wa mifupa, mtu wa kujisikia kidogo, alikuwa akisema, "Niitieni Mama Mgongo," kana kwamba ndivyo alivyoandikwa kwenye kitambulisho. Jina hilo alilipata kwa jasho. Katika wodi ya watu waliovunjika nyonga na mapaja, watu wa kulala chali wiki baada ya wiki, yeye ndiye aliyepita kila asubuhi na beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni, chupa ya spiriti na kopo la poda. Alimlaza mgonjwa ubavu, akamwosha, akamimina spiriti kiganjani, akamsugua mgongo kwa mizunguko ya taratibu kuanzia mabegani hadi makalioni, kisha akamalizia na poda. Aliyekuwa akilalamika tangu alfajiri alinyamaza. Wengine walisinzia mikononi mwake. Ukitaka kujua kama Mama Mgongo yuko zamu, ulisimama mlangoni ukanusa tu.

Kazi hiyo alifundishwa enzi hizo na matroni wa chuo cha uuguzi, mwanamke aliyeamini kwamba kidonda cha kulala ni aibu ya muuguzi kabla hakijawa ugonjwa wa mgonjwa. Kidonda cha kulala, kwa wasiokijua, ni kile kinachomtoka mtu asiyeweza kujigeuza, pale nyama inapobanwa kati ya mfupa na godoro. Damu ikilala, alisema matroni, iamsheni kwa mkono. Ngozi ikianza kubadilika rangi, ongezeni mkono. Mama Mgongo aliyameza maneno hayo yote, na hayakuwahi kumtoka.

Basi ukaja uongozi mpya na agizo jipya: asiye na shahada hataongoza wodi. Mama Mgongo hakuwa na haja ya kuongoza wodi yoyote. Miguu yake ilishamkataza. Lakini aliyepewa wodi yao alikuwa binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika sindano, na siku ya kwanza binti huyo akamwambia kwa tabasamu, "Mama, wewe endelea tu na migongo yako." Maneno yale alitembea nayo mpaka jioni. Kesho yake akajiandikisha chuo kikuu kwa hasira. Hasira ni kitu kizuri cha kujiandikishia. Kumweka mtu macho darasani, haitoshi.

Maana somo la kwanza, la lazima kwa kila mtu wa afya, lilikuwa alasiri, baada ya zamu ya asubuhi. Jina lake refu lilihusu huduma ya afya inayotegemea ushahidi pamoja na utafiti, na wanafunzi wakalikata, wakaliita Ushahidi. Lilifundishwa ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Mama Mgongo alipanda ngazi kwa kushika ukuta. Mhadhiri alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya kubembelezea watoto, na kwa mtu aliyeamka kabla ya jua, sauti kama hiyo ni hatari kuliko dawa ya usingizi. Mara ngapi alizinduka akakuta ubao umejaa na mate yamelowesha mkono wa sare!

Kazi yao ya kwanza ilikuwa nyepesi kwa kuisikia: chagua jambo moja unalolifanya kazini, uandike ushahidi wake. Mama Mgongo alifurahi. Hatimaye wamemuuliza anachokijua. Aliandika kurasa mbili juu ya mgongo, akamtaja mzee wa nyonga aliyelala miezi akaondoka na ngozi laini, akamtaja mwalimu wa shule aliyelia siku ya kuruhusiwa kwa sababu nyumbani hapana wa kumsugua, akamalizia kwa wino uliokolea: "Haya yote nimeyaona kwa macho yangu, na mimi ni shahidi."

Karatasi ilirudi na alama za kutia huruma, na chini yake maneno machache: "Mama, huu ni ushuhuda. Tunatafuta ushahidi."

Mhadhiri hakumtaja mtu, lakini alieleza kosa lenyewe mbele ya darasa, kwamba maneno haya mawili ni ndugu na watu wengi huyachanganya. Ushuhuda ni mtu kusimama na kusema yaliyomkuta. Ushahidi wanaoutafuta wao ni ule unaobaki hata huyo mtu akiondoka. Tabibu mmoja mwenye ndevu, aliyekaa nyuma, aliona jinsi Mama Mgongo alivyoinamisha uso, akajua ushuhuda huo ni wa nani. "Amina!" akapaza sauti kama yuko kwenye ibada, na darasa zima likacheka.

Uso ulimwiva Mama Mgongo. Akasimama. "Mwalimu, wagonjwa wangu hawapati vidonda. Hilo nalo ni ushuhuda?"

"Hapana, mama, hilo ni jambo zuri sana. Hao uliowasugua, ulikuwa unawageuza pia?"

"Nitamsuguaje mtu mgongo bila kumgeuza? Nipitie chini ya godoro?"

Darasa likaangua kicheko, safari hii kwa upande wake. Hata mhadhiri alicheka. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kubembeleza, "Sasa tutajuaje kilichowakinga ni mkono wako, au ni kule kugeuzwa?"

Mama Mgongo akakaa. Siku hiyo hakusinzia tena. Swali lile aliteremka nalo ngazi zote.

Nyumbani kulikuwa na mgongo mwingine. Mama mkwe wake alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala moja kwa moja. Mwanawe, yaani mume wa Mama Mgongo, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kurudi na nguo chafu na kuondoka na nguo safi, kwa hiyo mzigo uliwaangukia wanawake wawili: Mama Mgongo na wifi yake, fundi cherehani. Wifi alihamishia cherehani yake sebuleni, akawa anashona huku akimwangalia mama mchana kutwa. Mama Mgongo akitokeza jioni, wifi alikuwa ameshafunika mashine na kushika mkoba. "Haya wifi, zamu yako," anasema, na mlango unafungwa. Hawakuwa na ugomvi. Kila mmoja alichoka kwa namna yake, na hakuna aliyebakiwa na nguvu ya kumuuliza mwenzake habari.

Kwa mama mkwe, hapo palikuwa na jambo. Bibi huyo alimtakia mwanawe mke mwalimu, akaletewa muuguzi, na tangu siku hiyo aliamua kutosema naye zaidi ya lazima. Waliishi nyumba moja kwa adabu ya ofisini. "Chumvi imezidi." "Samahani, mama." Basi, maongezi ya siku yamekwisha. Hata kiharusi hakikumlainisha. Kilimpinda mdomo kidogo, lakini maneno makali yalipata pa kupitia.

Isipokuwa jioni. "Njoo unipake," bibi aliita, mara tu aliposikia mlango. Mama Mgongo alimgeuza, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kusugua. Na hapo, bibi akiwa ametazama ukuta, ulimi ulimfunguka. Alisimulia kiwanda cha sabuni alikofanya kazi usichanani, na msimamizi aliyevaa nywele za bandia zikamtumbukia kwenye pipa. Alisimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuja kuposa akakosea nyumba, akaposa kwa jirani mpaka chai ikaletwa. Mama Mgongo alicheka mpaka mkono ukateleza. Alipoacha kucheka, bibi aliibua kisa kingine.

Ilikuwa saa moja tu katika siku nzima, na ndiyo saa pekee ambayo wanawake wale wawili walipendana. Hakuna aliyelitamka neno hilo. Lakini Mama Mgongo alijua kabisa kwamba saa ile ikikatika, nyumba itabaki na watu wawili wanaovumiliana, mmoja akimlisha mwenzake mpaka mmoja wao afe.

Ikaja kazi kubwa ya muhula. Kila mwanafunzi aunde swali: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, ukilinganisha na nini, na kipatikane nini. Halafu atafute tafiti zilizokwisha kufanywa, azipime uzito, aje aeleze mbele ya wenzake. Mama Mgongo, kwa shingo ngumu, akachagua mgongo tena. Alitaka kumfunga mdomo yule mwenye ndevu. Mkutubi alimwonyesha namna ya kutafuta kwenye kompyuta za maktaba, na siku zake za mapumziko akazimalizia huko, akisoma sentensi ndefu kama korido za hospitali, akifika mwisho amesahau mlango alioingilia.

Alichokikuta hakikumfurahisha. Tafiti za kusugua mgongo zilikuwa chache, ndogo, nyingine zimefanywa kwa kulegalega, na hakuna iliyoonyesha wazi kwamba mkono unazuia kidonda. Miongozo ya uuguzi nayo ilikubaliana: ngozi ikishabadilika rangi, usiisugue. Chini yake nyama imeanza kuumia, na mkono unaweza kuizidishia. Mgeuze mgonjwa. Mpunguzie mgandamizo. Mama Mgongo alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sare, akasoma tena. Alijiona mjinga, na papo hapo akajiona ameonewa. Matroni alikuwa ameshakufa, hata wa kumlaumu hakuwepo.

Alipofika nyumbani, bibi akaita, "Njoo unipake." Mama Mgongo akamgeuza, akawasha tochi ya simu. Pale juu ya mfupa wa kitako palikuwa na alama ya ukubwa wa kizibo cha soda, yenye rangi tofauti na ngozi ya jirani, na yenye joto. Aliibonyeza kwa kidole, rangi haikukimbia, dalili kwamba nyama ya chini imeanza kuumia. Alama hiyo aliiona siku kadhaa nyuma, na kila jioni alikuwa akiiongezea mkono, kama alivyofundishwa. Akaifunga chupa ya spiriti na kuirudisha kabatini.

"Leo sikupaki, mama. Wataalamu wamegundua kusugua kunaweza kuumiza."

"Wataalamu gani?"

"Wa utafiti."

"Wamewahi kuniona?"

"Hapana, mama."

"Haya," bibi akasema, akatazama ukuta, na jioni hiyo hapakuwa na kiwanda cha sabuni wala msimamizi wake.

Tangu hapo Mama Mgongo aliishika kazi kwa kanuni. Alipata godoro nene la sponji. Aliweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Alimfundisha wifi kugeuza bila kuburuta, na akatega simu ya wifi ilie kila wakati wa kugeuza ulipofika, mpaka wifi akaapa kuwa siku moja ataitupa chooni. Alama ile ikaanza kufifia, kisha ikatoweka, ngozi ikarudi kuwa ngozi. Ushahidi ulikuwa umesema kweli, na hilo tusiunyime.

Lakini kuna jambo Mama Mgongo hakumwambia mtu, nami nitalisema. Alipoifunga ile chupa, pamoja na hofu, alisikia unafuu. Saa nzima imeokoka! Alijiambia ataitumia kulala. Hakulala. Nguo zilikuwa zikimngoja, sufuria zikimngoja, kazi za chuo zikimngoja, na saa ile ikaliwa bila hata kuonekana imepitia wapi. Aliingia chumbani, akageuza, akakagua ngozi, akatoka. Baadaye tena akaingia, akageuza, akatoka. Na kila alipotoka alijiuliza kama kweli aliacha kwa sababu ya ushahidi, au alikuwa amechoka siku nyingi na ushahidi ukaja kumwokoa. Hakupata jibu, na kutolipata kulimchosha zaidi ya nguo.

Bibi hakuita tena. Alikula nusu ya uji, akasukuma bakuli. Ile chumvi iliyokuwa ikizidi kila siku, sasa haikuzidi wala haikupungua.

Jioni moja wifi hakushika mkoba. Alisimama jikoni, uzi umemng'ang'ania kwenye blauzi, akasema, "Wifi, mama ana nini? Siku hizi hata kunigombeza hanigombezi."

"Nilijua anakugombeza mchana, ndiyo maana jioni hana la kusema."

"Wala. Anatazama ukuta tu. Nikimuuliza, anasema umemchoka. Eti humpaki tena. Hicho chuo chenu kinawafundisha kutogusa watu?"

"Kinatufundisha kuangalia kinachosaidia. Ile alama imepona, wifi. Imepona kabisa, njoo uone."

"Nimekuuliza habari za mama, wewe unanijibu habari za alama," wifi akasema, akachukua mkoba wake. Mama Mgongo alibaki ameshika mwiko. Alitaka kukasirika, akakuta hata hiyo nguvu hana.

Siku ya kueleza kazi ikafika. Alisimama mbele ya darasa akiwa na sare, miguu imevimba, akasema yote bila kutia chumvi: swali lake, tafiti alizozipata, udhaifu wa tafiti hizo, na jinsi alivyokwenda kuthibitisha kwamba yuko sahihi akakuta hayuko. Alieleza pia habari za mgonjwa mmoja wa nyumbani, ambaye alama yake ilitoweka alipoacha kumsugua na kuzidisha kumgeuza, akaongeza haraka, "Huyo ni mmoja tu, najua, ni ushuhuda." Darasa likacheka kwa mapenzi. Mwenye ndevu ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mhadhiri alifurahi waziwazi. Akachora ubaoni duara tatu zinazoingiliana, akaandika ndani yake: tafiti, ujuzi wa mhudumu, matakwa ya mgonjwa. "Mama ametuletea hizi mbili vizuri sana," akasema. "Na huyo mgonjwa wa nyumbani, yeye alitaka nini?"

Mama Mgongo akafikiri. "Sikumuuliza, mwalimu."

"Hata mara moja?"

"Yeye ni mama mkwe wangu," akajibu, na watu wakacheka tena, wakidhani ni utani. Alama alipewa nzuri. Aliteremka ngazi bila kuzifurahia.

Alifika nyumbani jua likiwa linatua. Wifi akaondoka. Mama Mgongo akaingia chumbani moja kwa moja, mkoba begani, akasimama kando ya kitanda. Bibi alikuwa amelazwa kuelekea mlangoni, macho wazi.

"Mama, nina swali. Limetoka chuoni."

"Uliza."

"Mimi nakuhudumia hivi na hivi. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza.

"Nikupake mgongo? Pale kwenye mfupa sitagusa, lakini mabegani naweza. Nikilete kile kichupa?"

"Spiriti yako ni baridi," bibi akasema. "Sijawahi kuipenda. Na nusu ya mgongo huu haisikii kitu tangu nianguke. Ungenimwagia maji ya bomba nisingejua."

"Sasa mbona kila jioni ulikuwa unaniita nikupake?"

"Ungekaa chini kwa lipi lingine?"

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Bibi alimeza mate kwa shida, upande mmoja wa mdomo ukikataa.

"Unaingia humu na mkoba, unatoka na sufuria. Nikikuambia pumzika, utanisikia mimi? Nikasema, basi nimpe mgongo, atakaa. Na ulikuwa unakaa. Unaanza unahema, halafu pumzi inashuka, naisikia. Unacheka. Sasa unanigeuza, unatoka. Unanigeuza, unatoka. Nalala hapa natafuta, nimeshindwa nikuitie nini."

Mama Mgongo alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba ungali begani, mikono haina cha kusugua. Akalia kimya kimya, kilio cha mtu ambaye hakujua kwamba kuna aliyekuwa akimwona. Bibi hakumnyamazisha. Alinyoosha mkono wake mmoja unaofanya kazi, akauvuta ule mkoba mpaka ukaanguka sakafuni.

"Vua na viatu," akasema.